Kitambaa cha Babu Keya

Juzi mgeni mmoja wa hoteli alileta koti lake lipigwe pasi, na lilipoguswa na mvuke likatoa harufu ya kafuri. Wenzangu wa chumba cha kufulia walikunja pua. Mmoja akasema linanuka maiti. Mimi nililishika mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kwangu kafuri ni sanduku la mama lililokuwa chini ya kitanda, kwenye chumba chetu cha Abu Hamour, hapa Doha. Ndani yake, chini ya kanga ambazo hakuwa na pa kuzivalia, mama aliweka kitambaa cha Babu Keya.

Mliokulia huku mnazijua zile nyumba kubwa za Abu Hamour zilizokatwakatwa kwa mbao. Chumba chetu zamani kilikuwa kipande cha sebule, kwa hiyo dari yetu ilikuwa na maua ya plasta na taa ya vioo isiyowaka. Baba aliendesha gari la hoteli. Mama alifanya kazi Pearl, kwenye maghorofa ya matajiri kando ya bahari, kwa familia ya Kijapani. Alisafisha, alipika, na kumwangalia binti yao. Kazi ya mama ndiyo iliyonilipia shule. Baba alikuwa amelisema hilo bila hasira, kama mtu anayekukumbusha kesho ni Ijumaa: "Mama yako akikosa ile kazi, wewe unarudi Tanga kwa bibi." Nilikuwa na miaka tisa. Kila asubuhi mama alipoinama kuvaa viatu nilimtazama usoni, nione kama bado ni uso wa mtu mwenye kazi.

Tanga niliijua ya sikukuu tu, na sikukuu zenyewe nazikumbuka kwa mchezo mmoja. Babu Keya alikuwa babu yake baba. Waliomwita hivyo walimwita kwa sababu alikuwa keya, askari wa Mwingereza, na katika ile vita kubwa alipelekwa Bama, ndiyo Burma, kupigana na Wajapani. Mimi sikumkuta. Nilikuta hadithi yake. Siku ya Idi watu wazima wakishashiba, ami Salehe alipiga makofi akatuita watoto tuicheze.

Mtoto mmoja alilala chini, huyo Mjapani. Mwingine akanyata na mpini wa ufagio, huyo Babu. Mjapani anaumwa, anahara damu, wenzake wamemwacha kando ya njia na hawezi hata kukaa. Babu anapomkaribia, yule mtu anakutanisha viganja mbele ya uso, amevikunja kama bakuli. Babu anajua maana yake: anaomba dua. Tena kiunoni amefunga kitambaa cheupe chenye duara jekundu, kimejaa maandishi ya wino kote. Azima hiyo. Ndiyo maana risasi zimempita. Dua ile ikifika mwisho, nani ajuaye litakaloshuka? Hapo mwenye ufagio humchoma wa chini ubavuni, na wa chini anatakiwa afe kwa vituko, atikise miguu, atoe macho.

"Huyo hajafa!" ami Salehe alikuwa akipiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mchome tena! Mjapani gani anakufa kama anasinzia?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Sikuweza kusema jina langu bila kutazama miguu yangu. Lakini kufa nilijua. Kila Idi walinitaka mimi ndiye nilale chini, na ilikuwa siku pekee ambayo ukoo mzima ulinitazama nikafurahi.

Kitambaa chenyewe kilikuwa mali ya ukoo. Mtu akipata homa isiyosikia dawa, bibi alitia pembe moja ya kitambaa kwenye bakuli la maji, akaikamua, akamnywesha mgonjwa, kama kombe. Shekhe wa mtaa angesikia angetutimua. Bibi alisema maandishi ni maandishi, na Babu Keya alirudi mzima. Tulipokuja Doha alimfungia mama kitambaa kile pamoja na vipande vya kafuri, kitulinde. Mimi nimekunywa maji yake mara tatu. Yana ladha ya nguo ya zamani.

Likizo ile ya joto mama alianza kunichukua Pearl, kwa sababu shule ilifungwa na chumbani hapakuwa na wa kukaa nami. Wajapani wenyewe hawakwenda kwao mwaka ule. Madamu alikuwa mjamzito, daktari alimkataza kupanda ndege, akashinda amelala huku mapazia yamefungwa. Mio, binti yao, alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Tulizungumza Kiingereza cha shule, kila mmoja na makosa yake. Hakuwa mbaya, ila alipenda kuniamrisha. "Zuu, shika. Zuu, simama pale."

Sebuleni kwao, juu ya kabati dogo, palikuwa na picha ya kijana aliyevaa kofia ya kijeshi, na mbele yake kikombe kidogo kama cha kahawa ya Kiarabu. Kila asubuhi kazi ya kwanza ya mama ilikuwa kumwaga maji ya jana na kutia maji mapya. Niliona ni jambo la ajabu, picha kupewa maji. Siku moja nilikuwa na kiu na aibu ya kuomba, nikayanywa. Mama alinikuta nimeshika kikombe kitupu. Madamu alikuwa chumba cha pili. Alinifinya ndani ya mkono, pale penye nyama laini, akasokota.

Watoto wa Kijapani wana desturi yao ya likizo. Kila mmoja lazima afanye utafiti wake mwenyewe, wa kitu anachokitaka, aandike daftari zima na kulipeleka shuleni. Mio alisoma Kijapani kila Jumamosi, na mwalimu wao alikuwa akilisubiri daftari lake. Mwenzake mmoja alichunguza mchwa. Mwingine alipima chumvi ya bahari. Mio alichagua vita, kwa sababu kila Agosti, alisema, kwao watu wote wanakumbuka vita, na kwa sababu ya yule kijana wa kwenye picha, aliyekuwa baba wa bibi yake.

"Wewe utakuwa msaidizi wangu," akaniambia. "Kazi yako ni kuchonga penseli."

Nikachonga penseli. Akanionyesha kitabu alichopewa shuleni, kina picha za kupakwa rangi: wasichana wamevaa vikofia vya pamba, bibi anakata boga, mji unawaka.

"Vita vilikuwaje?" nikamuuliza.

"Watu walikosa chakula. Walikula maboga tu. Halafu moto ukatoka juu."

"Nani aliutupa?"

"Ndege."

"Za nani?"

Mio akafikiri. "Za vita."

"Nani alianza?"

"Hakuna aliyeanza. Vilianza." Alisema kama mtu anayesema mvua ilianza.

"Na huyu wa kwenye picha?"

"Alikwenda nchi inaitwa Burma. Akatembea, akatembea, akaumwa, akafa. Rafiki yake aliyerudi alimwambia bibi kwamba mwisho alikuwa anaomba maji na maji hayakuwepo. Ndiyo tunampa kila siku."

Moyo ulinipiga, kwa furaha. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilikuwa na kitu. "Na sisi babu yetu alikwenda Bama," nikasema. "Alimuua Mjapani." Nilisema vile mtoto anavyosema na sisi tuna baiskeli.

"Muongo. Waafrika hawakuwemo."

"Walikuwemo."

"Kwenye kitabu hawamo. Angalia mwenyewe."

"Tuna kitambaa chake nyumbani. Kina maandishi."

Mio akaniangalia, akaangalia daftari lake ambalo lilikuwa bado na kurasa nyingi tupu. "Kilete," akasema.

Wazo langu usiku ule lilikuwa moja tu: kijana wa kwenye picha ndiye. Babu yangu amemuua babu yake. Sikuliona kuwa baya. Niliona tutakuwa kama ndugu, maana Mjapani aliyekufa nilimjua mmoja tu, na wao walikuwa naye mmoja tu, kwa hiyo lazima awe huyo huyo.

Asubuhi nilikifunga kitambaa kiunoni, chini ya gauni, nikapanda basi na mama nikinuka kafuri. Kwenye mlango wa jengo alikaa mlinzi Mkenya aliyenizoea. "Niaje, mtoto wa Tanga," akasema. "Leo umenona kiuno. Umeficha nini huko, bomu?" Mama akacheka. Nikatazama miguu yangu mpaka lifti ikafika.

Mama alipoingia jikoni tukakitandaza sakafuni. Wino ulikuwa umefifia, na pembe zote nne zilikuwa nyeupe kabisa kwa kunywewa. Mio alipiga magoti. Alisoma kwa kidole, polepole, akiruka herufi asizozijua.

"Ni maneno ya Mungu?" nikauliza.

"Mungu gani? Ni majina." Kidole kikasogea. "Huyu ni mwalimu wake. Huyu mwenye duka. Hapa wamemwombea bahati vitani, bahati ya muda mrefu. Na hapa ni mtoto, tazama, ameandika vibaya kama mimi nilipokuwa mdogo. Majirani wote wameandika ili aondoke nayo."

Nilikuwa nimewanywa mwenye duka na mwalimu.

Mio alitafuta jina la babu yake, pembe kwa pembe, halafu akatikisa kichwa. "Si yeye. Ni mtu mwingine." Nadhani sote tulisikitika, kila mtu kwa lake. "Mlikipataje?"

Basi nikamchezea. Niliushika mwiko wa mama uliobaki mezani, nikanyata kama Babu. Nikaurusha, nikalala kwenye zulia lao, nikawa Mjapani. Nilitoa ulimi. Nilijishika tumbo, nikapiga kelele za kuhara kwa mdomo, kama ami Salehe alivyonifundisha. Nikakutanisha viganja mbele ya uso. Nikajichoma ubavuni kwa kidole, nikatikisa miguu, nikatoa macho. Halafu nikasubiri kicheko.

"Rudia mikono," Mio akasema.

Nikarudia.

"Hiyo ni nini?"

"Dua. Alikuwa anaomba dua."

"Sisi hatuombi hivyo." Alikuwa amesimama, midomo imekuwa myeupe. Akaunganisha viganja vyake kama mimi, lakini akavipeleka kinywani. "Alikuwa anaomba maji. Babu yako alimuua mtu mgonjwa anayeomba maji."

Ningenyamaza hapo. Kama ningekuwa nimejaliwa kunyamaza siku ile kama nilivyonyamaza siku zote! Lakini nilikuwa nimekufa vizuri kuliko Idi yoyote na hakucheka, naye alikuwa amemsema vibaya Babu Keya.

"Na babu yako alikuwa anafanya nini huko?" nikamwambia. "Alikuwa anatembea tu? Na bunduki?"

"Alitembea."

"Nyie mliwafunga watu kwenye miti! Rafiki yake Babu mlimfunga kwenye mti, mkamfanyia mazoezi ya kuchoma visu, mmoja mmoja, mpaka watoto wenu wa jeshi wakajua!"

Hilo nililitunga. Nilitunga pale pale, nimesimama juu ya zulia, kutokana na filamu fulani niliyoiona kwenye simu ya baba. Kwenye hadithi ya Babu Keya hapakuwa na mti wala rafiki. Lakini lilitoka laini, na nilipoona linavyomuingia nikaongeza: mmoja alikuwa analia anamwita mama yake, mkacheka.

"Uongo!"

"Kweli! Mlicheka hivi." Nikamcheka, usoni.

Mio alikimbilia chumba chenye giza. Nilisikia Kijapani, sauti yake ikipanda, halafu sauti ya Madamu ikiwa chini, ikiuliza. Madamu akatoka, mkono mmoja ukutani, mwingine juu ya tumbo. Hakunitazama kwanza. Alikitazama kitambaa. Akashuka polepole mpaka magoti yakafika sakafuni, akainamisha kichwa mbele yake. Mama alitokea jikoni na mikono yenye povu, akaniona, akakiona kitambaa cha mkwewe kwenye sakafu ya bosi.

"Asha-san," Madamu akasema kwa Kiingereza. Hakuwahi kupandisha sauti, na siku ile aliishusha zaidi. "Mtoto wako amemwambia Mio mambo mazito sana. Mio ameniuliza kama sisi tulifunga watu kwenye miti. Sitaki maneno hayo ndani ya nyumba yangu, wakati huu." Akashika tumbo. "Sijui kama uje Jumapili, wiki ikianza."

Mio alisimama nyuma yake, uso umelowa. "Mama, lakini ni kweli? Niambie kama ni kweli."

Madamu alinigeukia mimi. "Zuu-chan. Uliyosema ni ya kweli?"

Mama aliendelea kumtabasamia Madamu, na kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama nimeshiba, akaniambia: "Sema ulitunga. Sema sasa hivi kabla sijakuzika hapa hapa."

Nilikuwa nimesema mambo mawili. Moja la uongo, la mti. Moja la kweli, la yule mgonjwa. Swali lilikuwa moja.

"Nilitunga," nikaiambia miguu yangu.

"Yote?"

Nikaona Tanga. Nikaona sanduku langu dogo kwenye mkanda wa uwanja wa ndege. "Yote."

Mama akaongezea, haraka, kwa Kiingereza chake: babu yetu alimkuta kijana mwenye kitambaa ameshakufa, madamu, kando ya njia. Akamfumba macho. Akamwombea dua, maana sisi tunawaombea wafu wote. Akakitunza kitambaa, na watoto wake wakakitunza, mpaka leo. Madamu alisikiliza huku machozi yakimshuka mpaka kidevuni. Akasema ni hadithi nzuri mno. Akasema kitambaa kitapelekwa kwao, watatafutwa watu wa ukoo wa yule kijana. Mama akasema chukua, madamu, ni chenu. Hakuwa amemuuliza baba. Baba alimwambia bibi kwenye simu kwamba kilichanika kwenye mashine ya kufulia, na ami Salehe hajamsamehe mama mpaka leo.

Daftari la Mio lilikuwa wazi mezani. Mama alipokuwa akisimulia, yeye alikuwa amechora mikono miwili iliyokunjwa, na chini yake neno moja kwa Kijapani lenye alama ya kuuliza. Madamu alichukua ufutio akaifuta mwenyewe, taratibu, asichane karatasi. Akapuliza vumbi. Kisha akamwelekeza Mio cha kuandika, na Mio akaandika.

Kazi ya mama ilidumu miaka mitatu mingine, hadi wale watu walipohama, na mimi nikasoma mpaka darasa la saba. Kila herufi ninayoiandika hapa imetoka kwenye kazi ile. Nilipokua nilisoma kwenye simu kwamba mambo ya miti na visu yalitokea kweli, kwa watu wengine, mahali pengine, na mabaya kuliko filamu ya baba. Nilikaa kitandani nikiwa na simu mkononi. Mio naye sasa ni mtu mzima. Kama amewahi kuyasoma popote, au mtu amejaribu kumweleza, najua atakachokumbuka. Atakumbuka kwamba hayo aliwahi kuyasikia, aliyemwambia alikuwa mtoto wa mfanyakazi wao, na mtoto mwenyewe alikiri mbele ya wote kuwa ni uongo. Na yule mgonjwa wa kando ya njia amezikwa humo humo, pamoja na mti wangu.

Siku ile ile, mwisho wa daftari ilitakiwa picha. Madamu alitusimamisha karibu na dirisha, bahari nyuma yetu, kila mmoja ameshika pembe mbili za kitambaa. Alitaka duara jekundu lionekane. Alirudi nyuma hatua moja, akainua simu, akaishusha, akaja kunirekebisha ushungi. Mama alisimama karibu na mlango wa jikoni, mikono imeshakauka, akitusihi kwa macho.

"Tabasamuni," Madamu akasema.

Mio alikuwa akinitazama juu ya kitambaa. Hakusogeza midomo sana. "Zuu," akanong'ona. "Na yule mgonjwa? Naye ulimtunga?"

Nilimtazama usoni. Nadhani ni mara ya kwanza kumtazama mtu usoni hivyo bila kukimbiza macho.

"Ndiyo," nikasema. "Hakuwepo."

Mabega yake yakashuka. Akageukia simu akatabasamu vizuri, meno yote, na mimi nikatabasamu. Madamu akapiga picha tatu. Akaziangalia moja moja, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akamgeukia mama.

"Asante, Asha-san. Jumapili saa mbili, kama kawaida."